Kani Mara Umbali

Saa saba za usiku, Thompson, kaskazini mwa Manitoba,
digrii thelathini na nane chini ya sifuri.
Gurudumu la nyuma limejichimbia kaburi kwenye theluji
na linazunguka humo, linalia, haliendi.
Nasukuma.
Nimetoka zamu ya saa kumi na mbili,
sare ya hospitali bado iko chini ya koti,
mabegani bado nina uzito wa Bwana Kowalchuk,
mchimba nikeli mstaafu, kilo tisini na moja,
niliyemwinua kitandani nikamrudisha kitandani,
nikamwinua, nikamrudisha.
Nasukuma. Gari limekaa
kama mgeni asiyejua kuaga.

Siwema ameshika usukani, kioo kakishusha kidogo.
Kesho ana mtihani.
"Mama," anasema, "kazi ni kani mara umbali."
Nasukuma.
"Umbali ni sifuri. Sifuri mara chochote ni sifuri.
Kwa hiyo, kitabuni, hujafanya kazi."
"Na leo mchana?"
"Ulimwinua ukamshusha palepale?"
"Mara kumi na nne."
Anafikiri. Pumzi yake inaganda kwenye kioo.
"Jumla, sifuri."
"Na nilipomshika bafuni, wima, dakika nzima,
magoti yakinitetemeka?"
"Alisogea?"
"Angesogea angevunjika nyonga."
"Basi sifuri."

Haya.
Miaka tisa nalipwa kwa saa, kwa sifuri.
Kwetu husemwa kazi mbaya si mchezo mwema.
Habari ya umbali hatukuambiwa.

Nanyoosha mgongo, na ndipo naiona:
mbingu imewaka kijani toka paa la maduka hadi msituni,
inakunjika, inakunjuka,
kama shuka la wodi likirushwa na wauguzi wawili
juu ya kitanda kisicho na mgonjwa.
Wala haina sauti. Nategea sikio, nasikia injini tu.

"Na hiyo je? Hiyo ni kazi?"
Anashuka, shingo nyuma, mtihani kausahau.
"Chembe za jua, mama. Zimesafiri siku mbili, tatu,
usumaku wa dunia ukazipinda zikaja huku kwetu.
Zikigonga oksijeni, kilomita mia na zaidi juu,
oksijeni inasisimka,
kisha ikitulia inaachia mwanga.
Ule ukingo wa waridi ni naitrojeni."

Inasisimka, kisha ikitulia inaachia mwanga.
Nawajua watu wa namna hiyo. Wawili, labda.

Mlango wa ng'ambo unafunguka.
Darlene Spence, dereva wa malori,
pajama zimetumbukizwa ndani ya mabuti,
kabeba mfuko wa mchanga wa choo cha paka.
Hatusalimu. Anapiga magoti, anamwaga mchanga
mbele ya gurudumu, nyuma ya gurudumu,
kwa mkono wazi, kama anayelisha kuku.
"Msuguano," Siwema ananong'ona, kwa heshima,
na kurudi kwenye usukani.
Bega langu, bega la Darlene. Moja, mbili —
gari linaguna, linateleza, linakumbuka njia.
Mita nne.

"Kani yako tuseme nyutoni mia tatu," anapiga hesabu dirishani.
"Juli elfu moja na mia mbili!
Zatosha kupasha moto kijiko kimoja cha chai."
"Kijiko?"
"Kidogo."
"Na nusu saa yote ile kabla ya mchanga, imekwenda wapi?"
Hapo ananyamaza. Anafunua daftari kwa glavu, anashindwa,
anaivua kwa meno.
"Joto," anasema. "Misuli huunguza chakula
hata isiposogeza kitu.
Haikupotea, mama. Haipo tu kwenye ile fomula."

Navua kofia. Mvuke unanitoka utosini,
mweupe, mnene, kama birika lililosahauliwa jikoni,
unapanda kuelekea ule ukijani usiojua kama nipo.
Darlene anacheka, ananionyesha kwa kidole.
"Pole na kazi," Siwema anasema,
kisha, mwanafunzi hodari, anajisahihisha:
"Pole na joto."